Hatua ya Siku Mbaya: Namna ya Kuanza Safari Ndefu ya Kupunguza Uzito

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana, asanteni kwa kuja.

Tuanze na hesabu ndogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, yaani zile kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Aliyeongezeka kilo 10 katika miaka 10 amejiwekea akiba ya kalori 77,000. Zigawe kwa siku 3,650. Unapata kalori 21 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai cha sukari. Ni kweli kwamba mwili ukikua hutaka chakula zaidi cha kujiendesha, kwa hiyo kilichopita kinywani kilizidi kijiko hicho. Lakini kilichobaki ghalani kila siku kilikuwa kiasi hicho tu, na hakuna aliyekiona kikiingia. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijaa kwa miaka 10. Anayetaka kukimwaga kwa wiki nne tunamuuliza haraka hiyo ameipata wapi.

Tunazungumza hasa na mwenye kilo 20, 30 au zaidi za kupunguza. Mwenye kilo tatu asikilize pia, ila yeye safari yake ni fupi.

Neno letu kubwa leo ni hili: hatua ya kwanza ipimwe kwa siku yako mbaya. Siku ambayo usingizi ulikuwa wa saa tatu, mtoto ana homa, kazini mambo yameharibika, na nje mvua haikatiki. Kama hatua uliyojipangia inafanyika siku hiyo, ni ya kiasi chako. Kama haifanyiki, ipunguze mpaka ifanyike, hata kama itaonekana ya kuchekesha. Mipango mingi hupangwa Jumapili jioni na mtu aliyeshiba, aliyepumzika, mwenye hamasa tele. Anayekuja kuitekeleza ni yule wa Jumatano jioni, mwenye njaa na uchovu, na hao wawili hawakuwahi kukaa kikao pamoja.

Kabla ya hatua yoyote, wapo wanaopaswa kupita kwa daktari kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, akipunguza chakula bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka ghafla hadi akaanguka. Anayemeza dawa za presha, uzito ukipungua presha nayo hushuka, na dozi ya zamani inaweza kumletea kizunguzungu anaposimama. Mjamzito asianze mpango wa kupunguza uzito bila ushauri. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula na kujitapisha asianze peke yake. Na ukiona uzito unashuka wenyewe bila wewe kubadilisha chochote, usifurahi, nenda ukapimwe. Muulize daktari pia kuhusu dawa unazotumia sasa, kwa sababu steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mzio), baadhi ya dawa za akili na insulini yenyewe huweza kuongeza uzito. Usiziache kwa uamuzi wako. Wakati mwingine ipo dawa nyingine ya kubadilishia.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Pima tu na uandike.

Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu, kwa sababu juu ya zulia hudanganya. Pima asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya kula na kunywa, ukiwa na nguo nyepesi, kwa mizani ile ile. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kati ya siku na siku, bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Chumvi ya jana huvuta maji, chakula kilichomo tumboni kina uzito wake, na kwa wanawake siku za mwezi huja na maji yake. Kwa hiyo anayejipima kila siku achukue wastani wa siku saba, aulinganishe na wastani wa wiki iliyotangulia. Anayeona namba ya kila asubuhi inamharibia siku nzima, apime mara moja kwa wiki, siku ile ile.

Kiuno nacho kipimwe. Tafuta ncha ya chini ya ubavu wa mwisho, tafuta mfupa wa nyonga kwa juu, halafu pitisha utepe katikati ya hapo, ulale sawa mzunguko mzima, na usome baada ya kutoa pumzi ya kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Kosa la kawaida ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa. Kwa wengi wenye kitambi, mkanda hukaa chini ya tumbo, na namba inatoka nzuri kuliko hali halisi. Kipimo rahisi cha kukumbuka: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 170 aulenge mzunguko wa chini ya sentimita 85. Hata ukiwa mbali na hapo, kila sentimita inayopungua ina maana, kwa sababu mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

Kisha daftari. Andika ulichokula, kiasi, saa, na ulikuwa wapi. Wanaoandika karibu wote huandika pungufu ya walichokula, na si kwa uongo. Wanasahau mafuta ya kupikia, vinywaji, vionjo vya jikoni, na mabaki ya sahani ya mtoto. Andika papo hapo. Kumbukumbu ya usiku huwa na huruma kupita kiasi.

Lengo la mwanzo liwe asilimia 5 ya uzito wako kwa miezi sita. Mwenye kilo 100 apunguze kilo 5. Tunajua wapo wanaokunja uso wakisikia hivyo, maana walikuja na namba ya siku ya harusi yao kichwani. Lakini mwili unaanza kupata nafuu mapema kuliko kioo kinavyoonyesha. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliotangazwa Marekani mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa hatarini walifuatiliwa. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58 pungufu ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa ya kisukari iitwayo metformini, inayojulikana kwa ubora wake, ilipunguza kwa asilimia 31. Tena kuna magoti: kila kilo moja unayopunguza huondoa kama kilo nne za mzigo kwenye goti, kwa kila hatua unayotembea.

Sasa hatua yenyewe ianzie wapi? Fungua daftari la wiki ya kwanza, na uanze na vinywaji. Sababu ni kwamba sukari iliyoyeyuka kwenye maji haishibishi kama chakula cha kutafuna. Unainywa, na bado unakula kama kawaida. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na kitu, zaidi ya kalori 200. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 12 kwa siku, karibu gramu 50 pia. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Kwa hiyo chai peke yake imeshakula mara mbili ya fungu hilo.

Usiikate yote siku moja. Ulimi huhitaji muda. Aliyezoea vijiko vitatu aende viwili na nusu kwa wiki nzima, kisha viwili, kisha kimoja na nusu. Tumia kijiko kile kile na ukisawazishe kwa kisu, kwa maana kijiko cha mlima kinaweza kubeba karibu mara mbili. Mwenye kunywa soda kila siku aanze kwa siku moja ya kuiacha, au chupa ndogo badala ya kubwa. Mahali pa kuteleza ni pale mtu anapoacha soda akahamia juisi kwa kuwa “ni ya matunda”. Glasi ya juisi, hata iliyokamuliwa sasa hivi, hukaribiana na soda kwa sukari, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Kula tunda lenyewe. Asali nayo ni sukari, samahani kwa wapenzi wake.

Baada ya vinywaji, angalia mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na hayo ni ya aina yoyote, ya bei rahisi au ya ghali. Anayemimina kutoka chupani moja kwa moja hajui ametia kiasi gani. Jicho halipimi kitu kinachotiririka. Weka kijiko kando ya jiko na upime kwa siku saba bila kupunguza. Kisha punguza kijiko kimoja kwa kila sufuria, wiki baada ya wiki, mpaka mlaji wa pili aanze kulalamika, halafu rudisha nusu. Sufuria ya watu wanne ikipunguziwa vijiko vinne, kila mmoja amepunguza kalori 120 hivi bila sahani yake kupungua hata tonge. Hatua hii tunaipenda kuliko nyingine zote, kwa sababu inafanywa mara moja jikoni na haimtaki mtu awe na nidhamu mezani.

Sahani yenyewe tuipitie upesi: nusu mboga, robo wanga, robo protini kama maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta. Kama nusu nzima ya mboga ni mlima, anza kwa kuongeza kijiko kikubwa kimoja cha mboga na kuanza kuila hiyo kabla ya vingine. Usiondoe wanga wote. Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo watu hudanganyika zaidi.

Mwili huhifadhi wanga kidogo kwenye ini na misuli, kwa umbo liitwalo glaikojeni, kama gramu 400 hadi 500. Kila gramu hushikamana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba hiyo inatumika ndani ya siku chache, maji yake yanatoka, na mizani inashuka kilo moja na nusu hadi mbili katika wiki moja. Mtu anashangilia. Wiki ya tatu kasi inakwisha, anakula mlo mmoja wa kawaida, maji yanarudi, mizani inapanda kilo moja na nusu usiku mmoja, na anasema mwili wake “umekataa”. Mwili haujakataa kitu. Yalikuwa maji yakitoka na maji yakirudi. Chai za kuharisha na vidonge vya kukojoza hufanya mchezo huo huo, ila hivi huongeza hatari ya kupoteza chumvi ambazo moyo unazihitaji ili udunde sawasawa.

Kushuka kwa kasi kweli kweli nako kuna gharama. Ini humwaga kolesteroli zaidi kwenye nyongo, na mfuko wa nyongo usiosukumwa na mlo wa kutosha hutuama, vijiwe vikajitengeneza. Hatari hiyo hupanda kwa wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Misuli nayo huliwa pamoja na mafuta, na nywele huweza kukatika miezi miwili au mitatu baadaye, wakati ambao mtu hakumbuki tena chanzo. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Robo kilo pia ni mwendo.

Kutembea. Mwenye kilo 90 akitembea dakika 10 kwa mwendo wa kawaida hutumia kalori 50 hivi, na kipande cha keki kinazirudisha kwa kuking'ata mara mbili. Kwa hiyo asitembee akihesabu kalori. Anatembea ili sukari ya mlo isipande sana, misuli ya miguu ibaki wakati mafuta yanaondoka, na ili baadaye uzito usirudi. Hapo ndipo mazoezi yanapolipa zaidi. Dakika 10 baada ya mlo mmoja kwa siku zinatosha kuanzia. Ukishindwa, tano. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Ongeza dakika tano kila wiki, usizidishe, kwa sababu pumzi na misuli huzoea upesi kuliko kano na viungo. Anayeruka kutoka sifuri hadi saa nzima huumia kisigino au goti wiki ya pili au ya tatu, akakaa mwezi mzima. Ile namba ya hatua 10,000 msiiogope. Ilipata umaarufu Japani mwaka 1965 kutokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua, ambalo maana yake ni “kipima hatua elfu kumi”. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia. Mwenye hatua 2,500 leo akifika 3,500 mwezi ujao amefanya kazi kubwa.

Kwa ambaye kutembea kunauma, aketi kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, kiti kiegemee ukuta, asimame na kuketi mara tano polepole, apumzike, arudie. Mara mbili kwa wiki, kisha tatu. Akihitaji kushika meza, ashike.

Mnatuuliza itachukua siku ngapi kuzoea. Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali hazina msingi mzuri. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 wakijijengea mazoea mapya, na wastani ulikuwa siku 66. Wepesi zaidi walikadiriwa siku 18, na waliochelewa 254. Waligundua pia kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachosaidia ni kufunga jambo jipya kwenye jambo ambalo tayari hulikosi: “Nikishaweka sahani kwenye karo, navaa viatu.” Saa ya ukutani ni kamba dhaifu ya kufungia, maana siku zikivurugika saa ndiyo ya kwanza kuvunjwa. Sahani italiwa tu.

Kila hatua iwe na toleo lake la dharura, nalo uliandike mapema. Toleo la dakika 20 za kutembea ni kuzunguka nyumba mara moja. Toleo la chai isiyo na sukari ni kijiko nusu, si vitatu. Siku ya sherehe kula sherehe, kesho yake rudi kwenye kifungua kinywa chako cha kawaida. Usijinyime kesho yake kama adhabu. Njaa ya mchana hulipwa usiku kwa riba.

Sasa ukweli ambao wahubiri wa hatua ndogo huwa wanauruka. Hatua moja ndogo haitakupeleka kilo 30. Wataalamu wa hesabu za mwili wameonyesha kwamba ukipunguza kalori 100 kwa siku na usizirudishe, utapungua kama kilo nne na nusu kwa jumla, nusu yake katika mwaka wa kwanza, nyingine katika miaka michache inayofuata, halafu uzito unatulia. Mwili mdogo unatumia nishati kidogo, na mizani ya kuingia na kutoka inalingana tena. Kwa hiyo hatua lazima zipandane. Ongeza ya pili pale ya kwanza inapofanyika siku sita kati ya saba, kwa wiki mbili mfululizo, bila kujibishana nayo. Usiongeze mbili kwa pamoja. Ukikwama hutajua ipi imekwamisha. Chai, kisha mafuta ya sufuria, kisha soda, kisha sahani: hizo nne zikishika kwa mtu aliyekuwa nazo zote zinaweza kupita kalori 400 kwa siku, na hapo ndipo kilo za mwaka wa kwanza zinapoanza kuhesabika vizuri.

Na uzito utakwama. Tarajieni kati ya mwezi wa tano na wa nane. Sehemu ya sababu ni huo mwili mdogo. Sehemu nyingine ni kwamba unapopungua, njaa huongezeka na mtu hujitikisa pungufu ya zamani bila kujua, anakaa mahali alipokuwa akisimama. Lakini mara nyingi vipimo vimelegea: kijiko kimepata mlima tena, chupa ya mafuta imerudi mkononi. Kabla ya kukata chochote, rudia wiki ya kwanza nzima, daftari na yote. Angalia pia usingizi, kwa sababu anayelala chini ya saa saba huwa na njaa zaidi kesho yake, hasa ya vitamu. Angalia kama kila mlo una protini. Ukiona kila kitu kipo sawa na kiuno bado kinapungua, acha mizani ifanye ukaidi wake.

Wapo ambao watafanya haya yote kwa mwaka na bado kisukari au pumzi kukatika usingizini inawatesa. Zipo dawa za kupunguza uzito zinazoandikwa na daktari, na upo upasuaji wa tumbo. Kuzitumia hakumaanishi umeshindwa, na mazoea haya haya yatahitajika hata kwa aliyechomwa sindano au kufanyiwa upasuaji.

Tunaishia hapa ili maswali yapate nafasi. Kwenye meza ya nyuma kuna tepu za kupimia na vijiko vya chai, pamoja na kisu cha kusawazishia. Anayetaka kuonyeshwa mahali tepu inapopita aje upande wa kulia, kuna pazia. Mwenye dawa za kisukari au presha, aje na majina ya dawa zake tuyaandike kabla hajaenda nyumbani kuanza.